Kiti cha Gurrabine

Ijumaa asubuhi Sajini Mpelelezi Cormac Delahunty alipanda ngazi za Bunge huku jino likimuuma, akaketishwa ofisini kwa Katibu mbele ya barua moja. Upepo wa magharibi ulikuwa umevuma Brisbane siku tisa mfululizo. Vumbi lilikuwa limeingia kila mahali, hata kwenye kidau cha wino.

"Isome kwanza," alisema Katibu, Bwana Penhallow, mzee mkavu mwenye vidole virefu. "Halafu uniambie ni yangu au ni yako."

"Kivipi?"

"Ikiwa ni ya kweli, ni karatasi ya Bunge, nitaihifadhi. Ikiwa imeghushiwa, ni kesi ya polisi. Naomba Mungu iwe yako. Mimi nimechoka."

Barua ilikuwa fupi. Jabez Ruddock, mbunge wa Gurrabine kwa miaka tisa, alimwarifu Spika kwamba amejiuzulu kiti chake, akawaaga wakulima waliomchagua. Iliandikwa Jumatatu. Jumatano Spika aliipokea na kuisoma mbele ya Bunge, na papo hapo kiti kikawa wazi. Alhamisi Ruddock mwenyewe akashuka kwenye gari moshi, akaja hadi mlangoni, na bawabu akanyoosha mkono kumzuia.

"Akasemaje?"

"Mambo ambayo bawabu hakutaka kuyarudia mbele yangu. Anasema hakuandika barua yoyote. Jumatatu hiyo alikuwa Toowoomba kwenye mnada wa ng'ombe, na watu arobaini walimwona."

"Hawezi kuifuta?"

"Mbunge akishajiuzulu, amejiuzulu. Labda ithibitike kwamba si yeye aliyejiuzulu. Kamati inakaa Jumanne saa nane mchana. Jumatano tunapiga kura juu ya Muswada wa Ardhi."

Muswada huo haukuhitaji maelezo. Koloni zima lilikuwa likiuzungumza. Matajiri wa kondoo walitaka waruhusiwe kununua moja kwa moja mashamba yote waliyokodishwa na serikali, pamoja na vipande ambavyo wakulima wadogo walikuwa wamekwisha kuvijengea nyumba na kuvichimbia visima. Jimbo la Gurrabine lilikuwa la wakulima hao.

"Kura zimekaaje?" Delahunty aliuliza.

"Wanaoutaka ishirini na sita. Wasioutaka ishirini na saba, ukimhesabu Ruddock."

"Akitoka, zinalingana."

"Zikilingana, Spika hukata shauri. Na Spika wetu, kwa desturi ya zamani, hupiga kura ya kuacha mambo yalivyo. Muswada utaanguka vilevile."

Delahunty alibonyeza shavu lake. "Basi aliyemtoa Ruddock hakupata kitu."

"Mjini wote wanasema ni matajiri wa kondoo."

"Mjini hawajui hesabu, Bwana Penhallow. Kumtoa Ruddock kunawadhuru matajiri kwa njia moja tu, na hakuwafaidishi kwa njia yoyote. Nipe barua zake za zamani, zote ulizonazo. Nitarudi mchana."

* * *

Ruddock alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja karibu na mto. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mabega kama ya fahali, ndevu nyeupe, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba nyeusi. Kabla ya kuwa mbunge alikuwa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa.

"Umechelewa, Sajini. Nilidhani polisi mmetumwa kutafuta kondoo."

"Kondoo ni kazi ya vijana, Mheshimiwa. Mimi wananipa wabunge."

"Hata kucheka hucheki."

"Jino linaniuma." Delahunty alipekua koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. "Itazame tena, tafadhali. Uniambie kama kuna neno lako hata moja."

Ruddock alivaa miwani. Aliitazama karatasi kwa muda, macho yakishuka mstari kwa mstari, kisha akaigonga kwa kidole. "Uongo mtupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Hapa, pa kuaga watu wangu, ndipo paliponiumiza zaidi. Mtu anikate shingo halafu aniagie hata wapiga kura?"

"Unamshuku nani?"

"Matajiri wa kondoo, wale wa Lisle. Nani mwingine?"

Delahunty alinyoosha mkono kuipokea karatasi, na hapo ndipo alipoiona. Ilikuwa tangazo la polisi kuhusu farasi jike wa kahawia aliyepotea, mwenye alama nyeupe usoni. Barua ya kujiuzulu ilikuwa kwenye mfuko wa pili. Alilikunja tangazo polepole, akalirudisha.

"Macho yangu nayo yameanza kunisaliti," alisema. "Hiyo miwani yako inafaa? Hebu niijaribu."

Ruddock alisita kidogo, akamvulia. Delahunty alitazama mto kupitia dirishani, kisha mistari ya kiganja chake. Hakuna kilichokuwa kikubwa wala kidogo. Ilikuwa vioo vya dirisha tu, vilivyokatwa mviringo.

"Hainifai," alisema, akamrudishia. "Asante, Mheshimiwa."

* * *

Penhallow alikuwa amemtolea barua thelathini na moja. Delahunty alizitandaza mezani, akaazima lenzi ya Katibu, akakaa nazo saa mbili. Mwandiko wa zote ulikuwa mmoja, wa kulala kidogo, wenye herufi safi, na barua ya kujiuzulu iliandikwa kwa mkono huohuo. Saini nazo zilikuwa za mtu mmoja, lakini si mtu yule. Zilikuwa nzito, zimekandamizwa hadi karatasi ikafanya mfereji.

"Kwa hiyo ni yake," Penhallow alisema, kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa usingizi.

"Tazama mistari ya mwisho hapa. Inaanza na nafasi, halafu inabanana, inabanana, mpaka inafika juu ya saini kama watu wanaogombea mlango. Mwandishi alikuta saini imeshakaa. Ilitiwa kwenye karatasi tupu."

"Kwenye hii tu?"

"Kwenye karibu nusu ya hizi." Delahunty alianza kuzikusanya. "Siku ya kiapo, alisoma mwenyewe?"

Penhallow alifikiri. "Mimi nilisoma, yeye akafuatisha. Wengi hufanya hivyo."

"Na hotuba zake?"

"Hajawahi kushika karatasi. Watu walimsifia. Angeweza kukutajia muswada wa kurasa arobaini, kifungu kwa kifungu." Mzee alivua kofia yake ndogo ya hariri, akaitazama ndani. "Miaka tisa," alisema. "Nami nimempa kila karatasi mkononi."

* * *

Everard Lisle alikuwa na kondoo elfu sitini na kiti cha mbele Bungeni. Alimpokea Delahunty kwenye baraza ya klabu, alasiri hiyohiyo, akiwa ameweka miguu juu ya kiti kingine.

"Nimeshasikia," alisema. "Eti nimemfukuza Ruddock. Wiki ijayo watasema nimeuleta na upepo."

"Sisemi hivyo, bwana. Nasema aliyemfukuza amekuharibia wewe."

Lisle alishusha miguu. "Umeongea na nani?"

"Na hesabu. Kama Ruddock angepinga muswada, kuondoka kwake hakubadili kitu. Ila kama angeuunga mkono, mngekuwa ishirini na saba kwa ishirini na sita. Aliwaahidi lini?"

"Kuna sheria inayomkataza mbunge kubadili mawazo?"

"Hakuna. Nauliza lini."

"Mwezi Juni." Lisle alitabasamu kidogo. "Ruddock amezeeka, Sajini. Anatamani Baraza la Juu. Kule mtu huteuliwa akakaa hadi kufa. Hakuna uchaguzi, hakuna barua za wakulima kila wiki kuhusu ua na visima. Nilimwahidi kumsemea."

"Ameusoma muswada wenyewe?"

"Nilimsomea mimi," Lisle alisema, na tabasamu likabaki pale pale. "Ni jambo la kirafiki. Mtu kama Ruddock anahitaji rafiki anayejua kunyamaza."

Delahunty alivaa kofia.

* * *

Jumamosi nzima ilikwenda kwenye gari moshi, na Jumapili kwenye gari la farasi, kwenye nyanda zilizokauka rangi ya mkate. Gurrabine ilikuwa na kanisa, karakana ya mhunzi, na duka ambalo pia lilikuwa posta. Mwenye posta alikuwa akinyoa ndevu. Hakuacha kunyoa.

"Barua ya Jumatatu? Ilikuja kwenye furushi lake la kila wiki."

"Furushi la nani?"

"La Bibi Ruddock. Kila Jumatatu huleta barua kumi, kumi na mbili, za wakulima. Mzee anawajibu wote, hata yule mwendawazimu wa Moffat. Wema ulioje."

"Hukushangaa kuona moja imeandikwa kwa Spika?"

"Afande, mimi nagonga muhuri. Kushangaa hawanilipi."

Shamba la Ruddock lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi alikuwa nyuma ya nyumba akipasua maboga ya ng'ombe kwa shoka. Alimtazama Delahunty anavyokuja, akapasua boga jingine, akaweka shoka chini.

"Wewe ni polisi," alisema.

"Ndiyo, mama. Delahunty."

"Keziah Ruddock. Umekuja kwa miguu? Ingia, kuna chai. Hilo shavu limevimba."

Alimwekea chai, mkate na nyama baridi ya kondoo, kisha akampa karafuu ya kuweka kwenye jino. Delahunty hakuila nyama. Alitoa barua, safari hii akihakikisha ni barua yenyewe, akaiweka mezani.

"Huu mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

Delahunty alikuwa amejiandaa kwa saa nzima ya kukanusha.

"Nilifanya kazi kwa mchungaji nikiwa msichana," Keziah alisema. "Mkewe alinifundisha. Jabez hakufundishwa na mtu. Saini yake nilimfundisha mimi, wiki tatu, kwa kijiti kwenye majivu. Wakulima walipomwomba agombee, akaja kulia hapa ulipokaa. Nikamwambia nenda, mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa mdomo. Kila kikao nilikwenda naye Brisbane. Kabla ya chai ya asubuhi namsomea muswada. Mara ya kwanza anapinga, mara ya pili anauliza, mara ya tatu ameushika wote. Ana kichwa, Sajini. Usidhani hana."

"Na barua za wakulima?"

"Akisafiri na ng'ombe ananiachia karatasi ishirini zenye saini. Anajua ninavyojibu. Ni yale ambayo angeyasema."

"Mwaka huu hukwenda Brisbane."

"Mwaka huu aliniambia nikae na ng'ombe." Alikwangua chembe za mkate mezani kwa ukingo wa kiganja. "Lisle alimbaini. Alimpa gazeti kichwa chini miguu juu, akaona analitazama tu. Hakumcheka hata kidogo. Alimwambia, usijali rafiki yangu, nitakusomea. Tangu siku hiyo Jabez ni wake. Alirudi Julai, hanitazami usoni. Nilipombana ndipo akasema kwamba ataunga mkono. Nikamwambia, Jabez, watu mia mbili na kumi nimewaandikia kwa jina lako kwamba ardhi yao iko salama. Nimewaandikia kwa mkono huu. Akasema, ni jina langu, si lako."

"Akaenda mnadani."

"Akaenda mnadani. Zilikuwa zimebaki karatasi nne. Nikatumia moja."

Nje ng'ombe walikuwa wamegundua maboga na kuanza kusukumana.

"Mama, unajua kughushi ni kifungo cha miaka mingapi?"

"Najua. Muswada wa sheria hiyo nilimsomea mara tatu."

Delahunty aliikunja barua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na alikuwa amewakamata watu wengi waliokimbia. "Jumanne saa nane mumeo atakwenda mbele ya Kamati kuapa kwamba hajawahi kuiona hiyo karatasi. Nataka uje nami."

"Unanikamata?"

"Nakuomba."

Keziah alisimama, akafunga dirisha. "Ngoja nimwambie Bibi Moffat anikamulie ng'ombe."

* * *

Jumanne saa nne asubuhi Ruddock alifungua mlango akiwa amevaa koti lake la Bunge. Alimwona Delahunty, kisha aliyekuwa nyuma yake. Alirudi akaketi kitandani, na kitanda kikalia.

Delahunty alibaki wima. "Nitasema upesi, Mheshimiwa. Ukienda mbele ya Kamati, watakuuliza maswali matatu. Saini ni yako? Ni yako. Ilifikaje kwenye karatasi tupu? Itabidi ueleze. Na zile barua thelathini na moja za zamani, zenye mwandiko huohuo, nani aliandika? Ukijibu hilo, utapata kiti chako, na mkeo atapata jela. Na watakupa kitu usome."

"Lisle ataniokoa," Ruddock alisema, lakini alisema akivitazama viatu vyake.

"Lisle atakuwa amekaa mstari wa mbele."

Kwenye mto boti ya makaa ilipiga king'ora.

"Umeniua, Kez," Ruddock alisema.

"Ulikuwa umeshakufa tangu Juni. Mimi nimekuzika tu kabla hujanuka."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia jikoni. Nilikuambia zizini. Nilikuambia ukipanda farasi, nimeshika hatamu, ukanipiga teke la bega. Nikuambie wapi tena, Jabez? Bungeni wanawake hawaingii."

Ruddock alijifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Kisha mzee akasema, bila kuondoa mikono, "Nilisemaje?"

"Nini?"

"Humo ndani. Nilisemaje? Penhallow alinieleza juu juu tu. Nisomee."

Delahunty alimpa Keziah barua. Alisoma akiwa amesimama dirishani, kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi hiyo, akitua penye nukta. Humo Ruddock alimwarifu Spika. Aliwashukuru wakulima wa Gurrabine kwa miaka tisa. Alisema alifika kwao akiwa mchunga ng'ombe asiye na kitu, wakampa sauti, na kwamba mtu asiyeweza tena kuitumia sauti hiyo kwa ajili yao anapaswa kuirudisha kwa wenyewe ingali nzima. Aliwaomba watunze visima vyao.

"Mara ya pili," Ruddock alisema.

Akasoma tena.

"Hapo pa visima. Mimi nisingesema watunze visima vyao."

"Ungesemaje?"

"Ningesema visima tulivyochimba. Cha Moffat nilishuka mwenyewe, futi tisini."

"Kweli," Keziah alisema. "Nimekosea hapo."

"Hapo tu." Alishusha mikono. Macho yalikuwa mekundu. "Mara ya tatu."

Akasoma mara ya tatu, na safari hii midomo ya Ruddock ilikuwa ikitangulia sauti ya mkewe kwa nusu neno. Alipomaliza, mzee alisimama, akavua koti la Bunge, akalitundika nyuma ya mlango.

"Sajini, waambie ile barua ni yangu. Nilikasirika, nikageuka, sasa nimerudi kwenye neno langu. Wacheke wanavyotaka."

Delahunty alitoa hati ya kufuta malalamiko. Aliisoma yote kwa sauti, taratibu, hata tarehe. Ruddock aliinama, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, akatia saini.

* * *

Saa nane Kamati ilikaa dakika sita. Jumatano kura zililingana, ishirini na sita kwa ishirini na sita, Spika akaacha mambo yalivyo, na Lisle akatoka kwa mlango wa nyuma. Delahunty hakuwapo. Alikuwa kwenye kiti cha mng'oa meno.

Alhamisi alifika kituoni na kitambaa kimefungwa tayani, si kwa kazi yoyote. Ruddock alikuwa keshapanda, amekaa upande wa dirisha la mbali, kofia imeshuka usoni. Keziah alikuwa bado chini na kikapu. Alionekana kama mtu aliyefanya kazi ya wiki mbili kwa siku tano.

"Amekula?" Delahunty aliuliza, maneno yakitoka kwa shida.

"Hajala, na hajazungumza nami tangu jana. Atazungumza. Anangoja nianze mimi." Alihamisha kikapu mkono wa pili. "Wataitisha uchaguzi mdogo Septemba. Watakuja nyumbani kumwuliza wamchague nani."

"Utamwambia aseme nani?"

"Sijui. Kwa mara ya kwanza sijui." Alimtazama usoni. "Sajini, kwenye taarifa yako. Pale panapoulizwa nani aliyeiandika barua. Umeandika nini?"

Mlinzi wa gari moshi alikuwa akifunga milango, behewa kwa behewa.

"Niliapa kuandika kweli, mama," Delahunty alisema. "Nimeandika kwamba barua iliandikwa na mbunge wa Gurrabine."

Keziah akampa mkono, mkono mgumu wa kupasua maboga, akapanda, akaketi kando ya mumewe.